Chanda na Pete: Mapambo ya Wanaume wa Pwani na Historia ya Neno Uungwana

Methali yasema: chanda chema huvikwa pete. Watu wengi waifahamu, na walimu huifundisha kwa maana yake ya kawaida, yaani ya kuwa mtu mwema hulipwa mema. Lakini ni wachache waulizao jambo lililo karibu zaidi nalo: kwa nini chanda huvikwa, wala hakivai? Katika makala haya nataka kuonyesha ya kuwa kitenzi hicho kimoja chahifadhi sehemu kubwa ya historia ya mapambo ya wanaume katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Leo mwanamume achaguapo pete, kofia au fimbo iliyo nzuri lakini isiyojionyesha, twaliona jambo hilo kuwa ni hiari yake na uzuri wa macho yake. Hapo kale lilikuwa ni suala la haki: nani aliruhusiwa kuvaa, na nani alikatazwa.

Na tuanze na lugha yenyewe. Ukimwambia Mswahili akutajie mapambo, atakutajia herini, vikuku, bangili, mkufu na kipini, na vyote hivyo ni vya mwanamke. Mwanamke hujipamba, na siku ya arusi yake hupambwa. Mwanamume, kwa desturi ya lugha, hupiga kilemba, hufunga jambia, hushika bakora, huvuta tasbihi, na huvaa pete. Kila kitenzi hapa ni kitenzi cha kazi, na kila kitu chadai kuwa na kazi yake: kilemba hufunika kichwa, jambia hulinda mwili, bakora huegemewa, tasbihi huhesabu dhikiri, na pete hapo zamani ilipigia muhuri. Sisemi ya kuwa kazi hizo zilitendwa kila siku. Jambia lenye ala ya fedha lililofungwa katika karamu halikupelekwa huko kupigana, na kijana aliyeshika bakora hakuwa kilema. Nasema tu ya kuwa pambo la mwanamume lilikwenda chini ya jina la kazi, na kwa kufanya hivyo liliepuka jina la pambo. Huo ndio mwanzo wa kiasi tunachokizungumza: kiasi hicho kimo katika lugha kabla ya kuwamo katika nguo.

Hata asili za maneno haya zina mafunzo. Neno pete ni la Kibantu. Waganda husema empeta, na baadhi ya wataalamu wamelihusisha neno letu na kitenzi kupeta, yaani kupinda. Basi pete haikutufikia kwa jahazi. Kilemba nacho kina umbo la Kibantu, ingawa kitu chenyewe kilikuwa vazi la heshima katika bahari yote ya Hindi. Kofia na bakora ni maneno ya Kiarabu. Jambia pia ni la Kiarabu, kutokana na neno lenye maana ya ubavu, kwa kuwa hufungwa kiunoni. Na hapa yafaa tuangalie jambo moja. Watu wa Oman, waliotawala Unguja katika siku za Sayyid Said, katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, kisu chao hukiita khanjari, na ndicho kilichomo katika bendera yao hata leo. Lakini neno lililoenea katika Kiswahili ni jambia, ambalo ni neno la Yemen na Hadhramaut. Mtawala alileta kisu chake, lakini hakuweza kulazimisha jina lake. Maneno ya mavazi hufuata watu wauzao, washonao na wakaao mtaani, wala hayafuati bendera.

Sasa tutazame mashahidi wa kale. Ibn Battuta alifika Mogadishu mwaka 1331, na katika maelezo yake twasoma habari za nguo alizopewa: kitambaa cha hariri cha kujifunga kiunoni, kanzu ya kitani ya Misri, joho, na kilemba. Lakini habari iliyo kubwa zaidi kwetu ni ndogo kwa kuitazama. Baada ya sala ya Ijumaa Sheikh wa mji alivaa viatu vyake, akawaamuru kadhi na mgeni wavae vyao, kisha wakaenda kwa miguu mpaka nyumbani kwake. Na watu wengine wote wakaenda miguu mitupu. Kiatu kile kilikuwa ni pambo kuliko hariri, kwa sababu hakikutegemea mali. Bila shaka walikuwapo katika msafara ule matajiri walioweza kununua viatu mia. Walichokosa ni idhini.

Mwaka 1498 msafara wa Vasco da Gama ulipofika Malindi, mwandishi wake alimwona mfalme amevaa joho la hariri nzito lililopambwa kwa atlasi ya kijani, na kilemba cha thamani. Palikuwapo pia mzee mmoja aliyemchukulia mfalme upanga mfupi wenye ala ya fedha. Angalieni: upanga ule haukuwa kiunoni mwa mfalme. Kitu cha thamani kilichukuliwa na mwingine, na enzi ikaonekana katika kule kuchukuliwa. Pande za Msumbiji mwandishi yuyo huyo alitaja vilemba vyenye pindo za hariri zilizotariziwa kwa nyuzi za dhahabu. Basi pwani ya karne ya 15 haikuwa pwani ya umaskini wala ya watu wasiojua dhahabu. Dhahabu ya Sofala ilipita mikononi mwao. Ikiwa baadaye twaona fedha na uzi mweupe vikipewa heshima kwa wanaume, tusidhani ya kuwa sababu ni ukosefu.

Sababu ya kwanza ni dini. Sheria ya Kiislamu yamkataza mwanamume kuvaa dhahabu na hariri tupu, na yamruhusu pete ya fedha. Na wafuasi wa Imamu Shafii, ambao ndio wengi wa pwani yetu, huihesabu pete ya fedha kuwa ni suna, kwa kuwa Mtume alivaa pete ya fedha yenye muhuri. Silaha nazo huruhusiwa kutiwa fedha. Kwa hiyo ala ya jambia na mpini wake vilikuwa mahali halali pa ufundi wa mfua fedha, na jiwe la akiki katika pete lilikuwa ni rangi halali mkononi mwa mtu aliyevaa nguo nyeupe. Kuhusu hariri, hadithi ya Sayyidna Umar yaruhusu utepe usiozidi upana wa vidole vinne. Anayetazama nakshi ya hariri nyekundu au nyeupe katika shingo ya kanzu ataona ya kuwa ni nyembamba kuliko kipimo hicho. Mshonaji alikuwa na nafasi ndogo, akaitumia yote kwa ustadi.

Yafaa pia tukumbuke ya kuwa katika lugha yetu neno fedha lina maana mbili, madini na mali. Maana hizo mbili zilikutana katika ardhi yenyewe. Huko Mtambwe Mkuu, katika kisiwa cha Pemba, mwaka 1984 wachimbuzi wa mambo ya kale walipata akiba ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha, pamoja na dinari chache za dhahabu, iliyofukiwa katika karne ya 11. Katika karne ya 19 riale ya fedha ya Maria Theresa ndiyo iliyotumika sokoni, na katika nchi nyingi zilizopakana na bahari hii mafundi waliiyeyusha ili kutengenezea mapambo. Mafundi wenyewe twawaita kwa majina mawili: mfua fedha, kwa kitenzi chetu cha kufua, na sonara, neno lililotoka Bara Hindi. Majina hayo mawili yaonyesha ya kuwa katika kazi hii mikono ya watu wa asili mbalimbali ilikutana.

Lakini kiasi hakikuwa katika madini tu. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 yapambanua kanzu ya mfuto, isiyokuwa na nakshi, na kanzu ya kazi, iliyotiwa nakshi kwa sindano. Katika neno kazi hapa mna fikira nzima ya watu wa pwani: thamani ya kanzu haikuitwa kwa jina la kitu kilichotiwa ndani yake, bali kwa jina la jasho lililoitoka. Kofia nayo ni hivyo. Ile iitwayo kofia ya vito haina hata kito kimoja. Hushonwa kwa kuchora nakshi juu ya kitambaa cheupe, kutoboa vitundu vidogo vidogo, na kuvizungushia uzi, mara nyingi wa rangi ile ile ya kitambaa. Ni kazi ya wiki nyingi, na mara nyingi hufanywa na wanawake majumbani. Mtu akiwa mbali huona kofia nyeupe. Akikaribia kusalimiana ndipo aonapo kazi. Hivyo mwanamume aliyekatazwa dhahabu alivaa vito vya uzi kichwani mwake, na wajuzi peke yao ndio waliovisoma.

Bakora yafuata kanuni hiyo hiyo. Steere, katika kitabu chake cha mwaka 1870, aeleza ya kuwa bakora zilizo bora zilitengenezwa kwa mti mweupe wa mtobwe, ambao waweza kupindwa karibu kukunjika bila ya kuvunjika wala kurudi. Sifa ya bakora, basi, ilikuwa katika mti wenyewe, na sifa hiyo haionekani kwa macho. Hujulikana kwa mkono wa aliyeishika. Pambo zuri la mwanamume wa pwani lilikuwa hivi kwa kawaida: lilificha gharama yake kwa asiyejua, na likaionyesha kwa ajuaye.

Hapa msomaji aweza kusema ya kuwa mambo haya yote yametosha kuelezwa kwa dini na kwa ufundi, na ya kuwa hapana haja ya kutafuta sababu nyingine. Mimi sikubali, na hoja yangu ni nyepesi. Dini yaeleza kwa nini fedha na si dhahabu, na kwa nini uzi na si hariri tupu. Haielezi kwa nini watu waende miguu mitupu nyuma ya Sheikh. Wala haielezi kwa nini mtu aliye Mwislamu kama bwana wake, asaliye katika safu ile ile, akatazwe kufunika kichwa. Sheria ya Mungu ilikuwa moja kwa wote. Desturi ya mji haikuwa moja.

Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyefundisha Kiswahili katika Berlin, ameacha katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903, maelezo ya mipaka aliyowekewa mtumwa: kofia, viatu na urefu wa kanzu vyote vilikuwa na hukumu yake. Mtumwa alijifunga kitambaa cha merikani au kaniki, na kichwa chake kilikuwa wazi. Basi twaona ya kuwa kanzu ya mfuto, ambayo kwa tajiri ilikuwa ni nguo ya kiasi, kwa mtu mwingine ilikuwa mbali kuliko lulu. Hatuwezi kusifu unyenyekevu wa mtu aliyevaa kidogo bila ya kuuliza kama jirani yake aliruhusiwa hata hicho kidogo.

Na liko jambo lililo chungu zaidi, ambalo mtaalamu wa majina hawezi kulipita. Miongoni mwa majina waliyopewa watumwa wa pwani yalikuwamo Feruzi, Almasi na Marijani. Mtu aliyekatazwa kuvaa jiwe aliitwa kwa jina la jiwe. Desturi hiyo haikuanzia kwetu. Ilienea katika nchi zote za Kiislamu tangu zamani sana. Yakut al-Hamawi, mwanajiografia mkubwa aliyefariki mwaka 1229, na ambaye katika kamusi yake ya nchi na miji aliandika habari za Pemba, alinunuliwa alipokuwa mtoto katika Baghdad, kisha akaachwa huru; na jina lake ni yakuti. Maana ya majina hayo yaonekana wazi. Kito ni kitu cha mwenyewe. Huvaliwa, huonyeshwa, hurithiwa. Aliyemwita mtu Almasi alimhesabu mtu huyo kuwa miongoni mwa mapambo yake. Leo majina haya ni ya watu wa kila asili, nao huyachukua kwa fahari. Ndivyo inavyopasa, kwa kuwa mwenye jina ndiye mwenye haki ya kuligeuza.

Sasa twaweza kurudi kwenye kitenzi cha methali. Kuvaa ni tendo la mtu mwenyewe. Kuvika ni kumvalisha mwingine. Kuvikwa ni kutendwa hayo na wengine. Chanda huvikwa, yaani jamaa na mji ndio waamuao ya kuwa chanda hiki chastahili. Kilemba nacho huvishwa. Na neno lenyewe limekuwa na maana ya ada apewayo fundi au mwalimu pale mwanafunzi amalizapo mafunzo yake. Tena tuna msemo wa kumvika mtu kilemba cha ukoka, yaani kumsifu kwa sifa zisizokuwa za kweli. Msemo huo haungekuwa na nguvu kama kilemba kingekuwa ni nguo tu. Una nguvu kwa sababu kilemba cha kweli hutolewa na wenye haki ya kukitoa, na cha ukoka hukauka jua likipanda. Tukumbuke pia ya kuwa neno mtumwa limetoka katika kitenzi cha kutendwa: ni yeye atumwaye. Katika mji wa zamani walikuwapo, basi, waliovikwa na waliotumwa, na kati yao palikuwa na kofia.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba aliotia sahihi Sayyid Barghash. Tarehe 6 Aprili 1897 Sayyid Hamoud alitoa amri ya kuondoa hali ya utumwa katika sheria, ingawa masuria waliachwa nje ya amri hiyo mpaka mwaka 1909. Katika pwani ya Kenya jambo hilo lilifanyika mwaka 1907, na katika Tanganyika mwaka 1922. Amri zile zilizungumza habari za mahakama na fidia. Hazikusema neno juu ya kofia. Lakini mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu alichokitoa mwaka 2001, ameonyesha jinsi wanaume wa Unguja waliotoka katika utumwa walivyochukua kanzu, kofia na viatu kuwa ni nguo zao. Hawakungoja kuvikwa. Walivaa. Mabadiliko ya kitenzi hicho ndiyo, kwa maoni yangu, historia fupi kuliko zote ya kukomeshwa kwa utumwa, na hayakuandikwa katika amri yoyote.

Wengine walikuwa wamekwisha kutangulia, mbali na macho ya mabwana zao. Wapagazi na askari wa misafara ya karne ya 19, ambao wengi wao walikuwa watumwa au watoto wa watumwa, walipofika bara walijiita waungwana, na watu wa huko wakawajua kwa jina hilo. Nguo zao zilikuwa ni sehemu ya dai hilo. Katika mashariki ya Kongo lugha yao ikaitwa Kingwana, nalo ni jina lililodumu muda mrefu. Kanzu nayo ilipanda pamoja na misafara mpaka Buganda, na huko imebaki kuwa vazi la heshima la wanaume katika arusi na baraza. Nakshi yake nyekundu ya shingoni huitwa omuleela. Alichonyimwa mtu Unguja alikivaa Tabora au Kasongo, na huko kikawa ni ukweli.

Hivyo twafika kwenye neno ambalo kwa ajili yake nimeandika makala haya. Leo mtu akitaka kumsifu mwanamume aliyevaa kwa kiasi, mwenye pete moja ya fedha, saa isiyong'aa na kofia safi, atasema amevaa kiungwana. Kwa neno hilo akusudia adabu, utulivu na macho mazuri. Lakini maana ya kwanza ya mwungwana ni mtu asiyekuwa mtumwa. Sifa ya tabia ilijengwa juu ya sifa ya nasaba. Na waliojenga waliiona tabia njema kuwa ni mali ya waliozaliwa huru. Neno limesafiri kutoka katika cheo mpaka katika mwenendo, na waliolisafirisha ni wale hasa waliokuwa wamefungiwa nje yake. Kila aliyetoka katika utumwa akavaa kofia na kuenda taratibu njiani, akisalimia watu kwa heshima, aliivuta maana ya neno hilo kidogo kutoka katika damu na kuiweka katika matendo.

Kwa sababu hiyo nawaomba watungaji wa kamusi wasiridhike kuandika maana ya leo peke yake, wala wasiiweke maana ya kale kama kitu kilichokufa. Ziandikwe zote mbili, na iandikwe njia iliyopo baina yao. Kadhalika, zikusanywe istilahi za mavazi ya wanaume kabla hazijapotea: majina ya nakshi za kanzu, ya namna za kofia, ya sehemu za jambia, ya miti ya bakora. Wazee wazijuao, katika Lamu, Pemba, Bagamoyo na Moroni, hupungua kila mwaka, na mashine za kushonea zimekwisha kuleta kofia zisizokuwa na jina la nakshi hata moja. Mapambo ya wanawake yamepata waandishi wake, nayo yalistahili. Mapambo ya wanaume yalijificha chini ya jina la kazi, yakasahauliwa kwa urahisi. Na pamoja nayo yaweza kusahauliwa bei ambayo watu wengine walilipa ili waweze kuvaa kofia nyeupe na kuenda sokoni bila ya kuulizwa.